Mabenchi ya Ukuta wa Ziwani

Mjomba wangu Ndalahwa alipewa Jumapili moja tu ya kurudisha ngumi kwenye televisheni. Aliyempa ni Nathaniel, msimamizi wa vipindi katika kituo kidogo cha televisheni kilichokuwa pale mjini Mwanza, na alimpa shingo upande. Pambano lingepiganwa Jumamosi alasiri na kupigwa picha, halafu lionyeshwe kesho yake baada ya taarifa ya habari ya saa mbili. Watazamaji wakirudi, mchezo wa ngumi ungepewa saa moja kila Jumapili. Wasiporudi, mjomba asikanyage tena ofisini kwake.

Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nawashonea mabondia wa mjomba bukta na majoho, na siku hiyo nilibeba bukta mbili mpya ili Nathaniel atazame kama rangi zake zitaonekana vizuri kwenye picha. Hakuzigusa.

"Mzee, tatizo si rangi," alisema. "Siku hizi watu wana madishi. Wanaona mieleka ya Wamarekani, wanaona mpira wa Uingereza. Kwa nini wakutazame wewe?"

"Kwa sababu wananijua," mjomba akajibu.

"Hilo ndilo tatizo, mzee wangu. Wanakujua."

Mjomba aliinamisha kichwa, akashukuru, tukatoka. Tukarudi nyumbani Ilemela.

Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane. Miaka miwili nyuma, mapambano ya mjomba ndiyo yaliyokuwa yakitazamwa kuliko kipindi kingine chochote cha kituo kile. Nyumba yenye televisheni mtaani kwetu ilikuwa moja, nayo ilijaa mpaka watoto wakaning'inia madirishani. Mjomba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani pamoja na wenzake mamia, na ngumi ndizo zilizomrudisha kuwa mtu wa kusalimiwa barabarani. Kisha akaharibu mwenyewe.

Alikuwa ametangaza kwamba bondia Masalu wa Ilemela atapambana na bingwa kutoka Nairobi. Bingwa hakuja. Asubuhi ya pambano mjomba alikwenda Kirumba, kwenye mwalo ambako mitumbwi hushusha dagaa, akamchukua mpagazi mmoja aliyeitwa Chenge. Alikuwa kijana mwenye kifua kipana, mwenye nguvu, lakini hajawahi kuvaa glavu. Mjomba akamwambia Chenge kwamba Masalu atamgusagusa tu, aanguke wakati wowote atakapochoka. Masalu hakuambiwa chochote, ili apigane kweli. Na mimi nikaambiwa nishone bendera ya Kenya kwenye bukta. Nikashona. Nilifanya kazi nzuri, mishono midogomidogo, hata mjomba akanisifu.

Chenge alipigwa, akaanguka, akabebwa. Tangu siku hiyo sikio lake la kulia halisikii.

Mjini Mwanza nani asiyenunua dagaa Kirumba? Watu walimtambua tangu raundi ya kwanza. Kesho yake mama mmoja sokoni aliuliza mbele ya kila mtu, "Huyu Mkenya wenu mbona juzi alinibebea gunia?" Wakacheka. Wiki ya kwanza walicheka, ya pili wakadharau, ya tatu wakaanza kutazama kitu kingine. Mjomba alipoulizwa alisema ni watu tu wamefanana. Alisema hivyo kwa Nathaniel, kwa viongozi wa chama cha ngumi, hata kanisani. Kituo kikaacha ngumi.

Sasa alikuwa amepewa Jumapili moja, na safari hii alitaka kila kitu kiwe cha kweli. Alimchukua Masalu yuleyule, na mpinzani wake akawa Zadok, mvuvi kutoka upande wa Musoma, aliyekuwa ameshinda mapambano tisa. Mjomba alimfuata mpaka kwao, akamwona akifanya mazoezi, akamwona na mama yake mzazi, Akelo. Alimwalika mama huyo aje naye, ili asitokee mtu wa kusema kijana ameokotwa.

Kilichobaki ni kujaza watu. Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la pamba, karibu kabisa na ziwa. Mjomba aliogopa picha ya ghala tupu kuliko alivyoogopa kitu kingine. Akakodi pikapu yenye spika, akapita nayo mitaani siku tatu, na alichosema mimi nakikumbuka, maana nilikaa mbele na dereva.

"Njooni kama mnavyokwenda kwenye ngoma! Wagalu njooni, Wagika njooni! Kila mtu asimame na mtu wake!"

Aliyekulia Usukumani anaelewa maneno hayo yanasema nini. Baada ya mavuno vikundi viwili vya ngoma, Wagalu na Wagika, huitwa uwanja mmoja, vikacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake anayeongoza nyimbo na dawa zake. Hakuna mwamuzi. Watu wenyewe ndio wanaoamua, kwa miguu. Kikundi kikinoga, wanakikimbilia, na kile kingine kinaweza kubaki kikicheza mbele ya vumbi. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mjomba alitaka watu waje na moyo ule, basi. Hakufikiria kwamba watakuja pia na miguu ile.

Jumamosi walikuja. Sijawahi kuona watu wengi namna ile ndani ya nyumba moja. Mabenchi ya ukuta wa barabarani yalijaa, mabenchi ya ukuta wa ziwani yakajaa, waliokosa wakasimama. Kituo kilileta kamera moja na mpiga picha mmoja, Yeremia. Alijengewa kichanja cha mbao upande wa barabarani, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na umeme. Kona ya Masalu ilikuwa chini ya kichanja hicho. Kona ya Zadok ilikuwa upande wa ziwani, na mimi nilikaa huko na ndoo ya maji, sindano na uzi, jirani na mama Akelo.

Raundi tatu za mwanzo Zadok alikuwa bora. Alipiga ngumi ndefu za mkono wa kushoto, Masalu akawa anarudi nyuma. Watu wakapiga kelele pande zote. Mama Akelo alinishika mkono, akawa anaubana kila mwanawe alipopiga.

Raundi ya nne Masalu akapata njia. Aliingia chini ya mkono ule wa kushoto, akapiga mbavu, akapiga tena. Nikasikia miguu nyuma yangu. Kwanza vijana kama kumi waliinuka wakazunguka ulingo kwenda upande wa pili. Kisha benchi zima. Kisha la pili. Raundi ya tano ilipoanza, ghala lote lilikuwa limehamia kwa Masalu, wamebanana chini ya kamera, wengine wamekishika kichanja, wanaimba kabisa. Upande wetu tulibaki watatu: mimi, mama Akelo, na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia.

"Mbona wanatukimbia?" mama Akelo akauliza. "Tumefanya nini?"

"Si ninyi, mama. Ndivyo wanavyofanya ngomani. Aliyenoga anafuatwa."

"Kwetu anayepigwa ndiye anayehitaji watu," alisema. Akasimama peke yake mbele ya benchi tupu, akaanza kumwita mwanawe kwa jina.

Zadok hakuanguka. Walimaliza raundi nane, Masalu akapewa ushindi kwa pointi chache. Mabondia wote wawili walikuwa wamevimba, na wote wawili walikumbatiana kwa heshima. Mjomba alikuwa na machozi. Aliniambia, "Bernadeta, umeona? Safari hii hakuna wa kusema kitu."

Jumapili saa nne asubuhi Nathaniel alituita. Tulimkuta kwenye chumba kidogo chenye televisheni mbili na mashine ya kanda. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Akamwamkia mjomba, akamwonyesha kiti, akabonyeza kitufe.

Pambano lilikuwa zuri vilevile. Lakini kamera ilikuwa inatazama ziwani. Kuanzia raundi ya nne, nyuma ya mabondia kulikuwa na mabenchi matupu, safu kwa safu, na ukuta. Watu walikuwa chini ya kamera ambako jicho lake halifiki. Ila sauti zao zilikuwa kwenye kanda yote, kelele za watu elfu, na wa kuonekana ni mwanamke mmoja aliyesimama, binti mwenye ndoo, na mzee aliyelala.

Nathaniel alisimamisha kanda.

"Mzee, hizi kelele ni za nani?"

"Za watu! Walikuwepo! Muulize Yeremia."

"Nimemuuliza. Ameapa, na mimi nimemwamini. Lakini Yeremia hawezi kwenda nyumba kwa nyumba kuapa. Wewe fikiria mtu wa kule mtaa wa Nyakato amekaa kwake. Anaona mabenchi matupu, anasikia watu elfu. Atasemaje?"

Mjomba alizidi kuitazama picha iliyosimama.

"Atasema Ndalahwa safari ile alitengeneza bondia, safari hii ametengeneza watu." Nathaniel aliitoa kanda kwenye mashine. "Sitaionyesha. Nitarudia kipindi cha kwaya."

"Nathaniel, mwanangu, wale vijana wamepigana kweli."

"Najua."

"Wametoka damu."

"Mzee, najua. Hilo ndilo linaloniuma."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nafikiria jinsi mjomba alivyotuambia sote kwamba ni watu tu wamefanana, na jinsi nilivyotikisa kichwa kukubali aliponitazama. Nikasema, na sauti ilitoka ndogo kiasi kwamba Nathaniel alilazimika kuuliza nimesema nini.

"Nimesema mjomba anaweza kuwaeleza. Akae mbele ya kamera kabla ya pambano, aseme kwa nini mabenchi ni matupu. Watu wa hapa wanaijua ngoma, wataelewa."

"Watamwamini kwa lipi, binti?"

"Aanze na Chenge."

Mjomba aligeuka akanitazama. Hajawahi kunipiga tangu anichukue nikiwa darasa la tano, baba yangu alipofariki, na hakunipiga siku hiyo. Alinyanyuka, akanishika bega, tukatoka nje mpaka kwenye bomba la maji uani.

"Unajua chama kitanifanya nini nikisema?"

"Najua, mjomba."

"Watanifungia. Nitatafuta nini mjini hapa? Nina miaka hamsini na sita. Kiwanda kimeshakufa."

"Najua."

"Na bado unasema!"

"Bendera ile nilishona mimi," nikamwambia. "Kila nikienda Kirumba kununua dagaa, Chenge ananisalimia. Ananigeuzia sikio zima ili asikie jibu langu. Hajawahi kunitukana hata siku moja. Mimi nimechoka kusalimiwa hivyo."

Mjomba alifungua bomba, akanawa uso. Akanawa tena. Maji yalimlowesha kola ya shati la kanisani.

"Kijana atanicheka?" aliuliza.

"Nani?"

"Chenge."

"Sijui, mjomba."

Akafunga bomba, akarudi ndani. Alimkuta Nathaniel bado ameshika kanda mkononi, akamwambia, "Leta hiyo kamera kabla sijabadilisha mawazo."

Usiku huo nilikwenda kutazama kwa jirani yetu, mama Suzana, maana mjomba alikataa kutoka chumbani. Nilikuta ndala chache mlangoni, labda jozi kumi. Nathaniel alikuwa na namna yake ya kujua watazamaji: alituma watu wawili watembee kwenye mitaa yenye antena, wahesabu viatu kwenye milango ya nyumba zenye televisheni, mara moja habari zikiisha na mara ya pili nusu saa baadaye. Kwa hiyo nilipovua zangu niliziweka vizuri zionekane.

Habari zikaisha. Akatokea mjomba, amekaa kwenye kiti kikubwa kuliko yeye, kola imelowa. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Huyu tena! Zima hiyo, mama Suzana." Mama Suzana akasema ngoja.

"Mimi ni Ndalahwa," mjomba alisema. "Miaka miwili iliyopita niliwaambia Masalu anapigana na Mkenya. Haikuwa kweli. Alikuwa Chenge, mpagazi wa Kirumba. Hakujua ngumi. Nilimdanganya na yeye, nikamwambia hatapigwa. Aliangushwa raundi ya pili, na sikio lake moja limekufa hadi leo. Makosa si yake, wala si ya Masalu. Ni yangu."

"Si nilisema!" akaruka mzee mmoja aliyekuwa karibu na dirisha. "Si nilisema ni Chenge! Mke wangu akaniita mwongo!"

"Nyamaza baba, tusikie."

"Pambano la leo ni la kweli," mjomba aliendelea. "Mtaona mabenchi matupu. Mimi mwenyewe niliwaita watu kwa maneno ya ngoma, wakafanya mambo ya ngoma, wakahamia kwa anayeshinda. Wako chini ya kamera. Kama hamniamini, sikilizeni wanaimba nini. Nimemaliza."

Hakuaga wala kutabasamu. Picha ikakatika, pambano likaanza.

Raundi tatu za kwanza chumba kilikuwa kimya kama mahali pa ibada. Ya nne ilipofika na mabenchi yakaanza kubaki matupu, mzee yule wa dirishani alipiga goti lake. "Wamehama! Angalia, wamehama hao! Ngoma hiyo!" Wote wakainama mbele. Hawakuwa wanacheka kwa dharau. Waliusikiliza wimbo, wakautambua, wawili wakauitikia. Mtu akatoka mbio kuita jirani. Wakaingia wengine, wakakaa sakafuni. Na mama Akelo alipoonekana amesimama peke yake akiita jina la mwanawe, mama Suzana akasema taratibu, "Huyo ni mama yake." Baada ya hapo nusu ya chumba wakawa wa Zadok mpaka raundi ya nane.

Nilipotoka nilichukua muda mrefu kutafuta ndala zangu.

Jumanne Nathaniel alituma ujumbe kwamba ngumi zimepewa saa moja kila Jumapili. Jumatano ikaja barua ya chama cha ngumi cha mkoa. Mjomba alinipa nimsomee kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Ilisema kwamba kwa kukiri kwake mwenyewe, Bwana Ndalahwa amefungiwa miaka mitano kuandaa pambano lolote, na kwamba mapambano ya Jumapili yatasimamiwa na promota mwingine atakayeteuliwa. Nilisoma mpaka mwisho, pamoja na mhuri.

"Miaka mitano," alisema mjomba.

"Ndiyo."

"Masalu atapata mapambano?"

"Atapata. Kila Jumapili watahitaji watu."

"Na Zadok?"

"Na Zadok."

Akaichukua barua, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Siku ile nzima alikaa nje akitazama watu wakipita, na waliopita walimsalimia. Wengine walisimama. Sikujua kama hiyo ilimsaidia au ilimuumiza zaidi.

Alhamisi alfajiri aliniamsha, tukaenda Kirumba. Mitumbwi ilikuwa inaingia, wanawake wamejaa na beseni zao, dagaa wametandazwa wanang'aa. Tulimkuta Chenge akipanga magunia. Aliponiona aligeuza kichwa kama kawaida yake, na mjomba akazunguka upande uleule ili asikike.

"Chenge, mwanangu."

"Shikamoo mzee."

Mjomba akaitikia. Chenge akatua gunia alilokuwa nalo.

"Nilikuona. Tulikuwa wengi pale kwa mwenye banda la televisheni. Umenitaja kwa jina langu."

"Nimekutaja."

"Vizuri." Akafuta jasho kwa kiganja. "Lakini hukusema kweli yote."

Mjomba alishtuka. "Nimesema yote."

"Ulisema niliangushwa raundi ya pili. Ilikuwa ya tatu, mzee. Mbele ya Masalu huyohuyo, na mimi sijui hata kukunja ngumi, nilisimama mpaka ya tatu."

Mjomba akanitazama. Nilikuwa ukumbini siku ile, kando ya ulingo, naiangalia bendera yangu ikitota jasho. Nilikumbuka kengele.

"Ya tatu," nikasema. "Kengele ya kuanza raundi ililia mara tatu kabla hajaanguka."

"Kule televisheni sirudi tena," mjomba akamwambia Chenge. "Wamenifungia. Ningekuwa na njia ningerekebisha."

"Basi sema hapa."

"Hapa?"

"Hapa ndipo wanaponijua."

Mjomba alivua kofia. Alipanda juu ya magunia mawili, na mimi nikamshika mguu asiteleze. Alikuwa amezoea spika, kwa hiyo mara ya kwanza sauti haikufika mbali. Akavuta pumzi, akaita tena kwa nguvu, mpaka wanawake wakainua vichwa kutoka kwenye beseni.

"Jamani! Nilikosea Jumapili! Chenge aliangushwa raundi ya tatu!"

Mama mmoja mwenye kitenge cha kijani akajibu, bila kuacha kuchambua dagaa wake.

"Tulikuwepo, mzee. Sisi tulihesabu."

Chenge aliitikia kwa kichwa. Akainama, akaingiza bega chini ya gunia, akasimama nalo wima, akaelekea barabarani.